Maswali ya Wasomaji: Siku Nane Zilizouangusha Ufalme wa Urusi

Makala ya toleo lililopita kuhusu kuanguka kwa Tsar Nicholas wa Pili mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, imetuletea barua nyingi. Nimechagua chache na kuzipanga kwa mfuatano wa matukio yenyewe, ili hata msomaji ambaye hakuiona makala ile aweze kufuata.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Nimesikia kwamba mapinduzi ya Urusi yalianza tarehe 8 Machi, lakini vitabu vinayaita Mapinduzi ya Februari. Lipi ni sahihi? Na je, ni kweli kwamba walioanza ni wanawake, au ni maneno yanayosemwa tu kuwafurahisha akina mama siku yao?
Mwanafunzi wa chuo, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yote mawili ni sahihi. Urusi ya wakati ule ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13, kwa hiyo Alhamisi ambayo sisi tunaihesabu kuwa tarehe 8 Machi, wakazi wa mji mkuu wa Petrograd waliiandika tarehe 23 Februari. Kalenda hiyo iliachwa mwaka 1918. Katika majibu yote ya leo natumia tarehe za kalenda yetu.

Kuhusu wanawake, hayo si maneno ya kuwafurahisha. Viongozi wa vyama vya kisoshalisti mjini mle, Wabolshevik (chama cha Lenin) wakiwemo, walitaka Siku ya Wanawake ipite kwa mikutano na hotuba tu, bila mgomo, kwa kuwa walihofia kwamba nguvu zao hazijatosha kupambana na serikali. Wanawake wa viwanda vya nguo vya wilaya ya Vyborg hawakungoja ruhusa ya mtu. Waliacha mashine, wakatoka nje, wakaenda kwenye viwanda vya chuma vya jirani walikofanya kazi wanaume, wakawaita wawaunge mkono, na pale walipocheleweshewa jibu walirusha mabonge ya theluji kwenye madirisha. Hadi jioni wagomaji walikuwa makumi ya maelfu, na siku mbili baadaye karibu mji mzima ulikuwa umesimama.

Kilichowatoa nyumbani kilikuwa mkate, lakini inafaa ieleweke kwamba nafaka haikuwa imekwisha Urusi. Wakulima waliona hakuna faida ya kuuza mavuno yao kwa rubo iliyozidi kushuka thamani wakati bidhaa za dukani hazipatikani, na reli, ambazo kwanza zilihudumia jeshi, zilishindwa kusafirisha hata kile kilichouzwa, hasa katika majira yale ya baridi kali ambapo injini ziliharibika kwa kuganda na mabehewa yakakwama kwa maelfu kwenye theluji. Katika hali hiyo ikaenea habari kwamba mkate utaanza kugawiwa kwa kadi, na kila aliyekuwa na chochote mfukoni akakimbilia kununua wa akiba. Mwanamke ambaye mume wake yuko vitani, naye ameshinda kiwandani saa 10 au zaidi, alipanga foleni usiku kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, na mara nyingi alipoufikia mlango aliambiwa mkate umekwisha. Katika foleni hizo watu walipashana habari za waliokufa vitani, za bei, na za malkia, na hapo ndipo siasa za mji ule zilipopikwa kabla ya baraza lolote kuchaguliwa.

Polisi walifunga madaraja ya mto Neva ili wafanyakazi wasifike katikati ya mji. Mto ulikuwa umeganda, kwa hiyo watu wakavuka kwa miguu juu ya barafu.

SWALI: Ndugu Mwandishi, wanafunzi wangu wa kidato cha tano wamenibana. Nimewafundisha kwamba Tsar aliangushwa na njaa na vita, nao wakaniuliza mbona nchi nyingi zimepata njaa na vita bila mfalme wake kuanguka. Mtu mwenye jeshi la mamilioni aliwezaje kupoteza kiti chake ndani ya wiki moja?
Mwalimu wa historia, Morogoro

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zito, na naomba uwapongeze kwa niaba yangu. Njaa na vita vinaeleza kwa nini watu waliingia barabarani. Havielezi kwa nini hawakurudishwa nyumbani kwa risasi, kama ilivyotokea Januari 1905, wakati Urusi ikiwa katika vita na Japani, pale askari walipoufyatulia risasi umati uliokuwa ukielekea kwenye jumba la Tsar huyu huyu ukiwa na picha takatifu na barua ya maombi. Mwaka ule nchi nzima ilitikisika, lakini jeshi kwa jumla lilitii, na kiti kikabaki. Kwa hiyo inatubidi tuulize kwa nini mwaka 1917 jeshi halikutii.

Jeshi lenyewe halikuwa tena lile la zamani. Tangu Agosti 1914 watu wapatao milioni 15 walikuwa wameitwa vitani, na sehemu kubwa ya askari wa kudumu, pamoja na maofisa waliolelewa katika utii kwa Tsar, ilikuwa imeshakufa au kutekwa katika kushindwa kule Tannenberg mwaka 1914 na katika mafungo makubwa ya kutoka Poland mwaka 1915. Waliojazwa kambini Petrograd walikuwa askari wa akiba: vijana waliotoka vijijini juzi, wanaume wenye familia zao, na majeruhi waliokuwa wakisubiri kurudishwa mstari wa mbele. Vikosi viliendelea kuitwa kwa majina yale yale ya fahari, Preobrazhensky, Pavlovsky, Volynsky, lakini waliolala humo walikuwa wakulima na wafanyakazi waliobanana katika kambi ambazo hazikujengwa kwa ajili ya umati ule, na walikuwa wakisikia kila kilichosemwa kwenye foleni ya mkate upande wa pili wa ukuta.

Tsar naye alikuwa amejivua kinga yake mwenyewe. Septemba 1915, bila kujali ushauri wa wengi wa mawaziri wake, alijitwalia ukamanda mkuu wa jeshi na kuhamia makao makuu ya kijeshi huko Mogilev, mamia ya kilomita kutoka mji mkuu. Tangu siku hiyo kila kushindwa kulikuwa kwake, wala hapakuwa tena na jenerali wa kubebeshwa lawama. Mjini alimwacha mke wake, Alexandra, aliyezaliwa Ujerumani, ambaye alisikiliza ushauri wa Rasputin, mkulima wa Siberia aliyeaminiwa kuwa mtu wa Mungu na mponyaji, juu ya nani awe waziri na nani afukuzwe. Kati ya mwanzo wa mwaka 1916 na mapinduzi, Urusi ilikuwa na mawaziri wakuu wanne. Uvumi kwamba malkia alikuwa akiwauzia Wajerumani siri haukuwahi kuthibitishwa, lakini uliaminiwa hadi ndani ya mahandaki ya vita. Novemba 1916 mbunge Pavel Milyukov alisimama katika Duma, bunge la Urusi, akaorodhesha makosa ya serikali na baada ya kila kosa akauliza kama huo ni ujinga au ni uhaini. Mwezi uliofuata Rasputin aliuawa, na miongoni mwa waliokula njama hiyo alikuwamo mwanamfalme wa ukoo wa Tsar mwenyewe, kwa kuamini kwamba wanauokoa ufalme.

Sasa tuje barabarani. Katika siku tatu za kwanza askari walizuia umati lakini hawakuwa na ari ya kuua. Wakosaki, wale wapandafarasi ambao kwa miaka mingi jina lao peke yake lilitosha kutawanya watu, waliamriwa kuushambulia umati wakapita katikati yake taratibu, mmoja nyuma ya mwingine, huku wafanyakazi wakiinama na kupenya chini ya matumbo ya farasi. Jioni ya tarehe 10 Machi Tsar alimpelekea Jenerali Khabalov, kamanda wa wilaya ya kijeshi ya Petrograd, telegramu ya kumwamuru akomeshe kuanzia kesho yake fujo zote za mji mkuu, kwa kuwa hazikubaliki wakati nchi iko katika vita vigumu. Kwa maoni yangu hakuna tendo lililouangamiza ufalme ule kuliko telegramu hiyo. Hadi saa ile askari aliweza kukwepa: alisimama njiani, akatazama pembeni, watu wakapita. Baada ya amri ile hapakuwa tena na pembeni pa kutazama, ilimbidi ama aue ama aasi.

Jumapili ya tarehe 11 waliua. Makumi ya watu walianguka katika barabara ya Nevsky na uwanja wa Znamenskaya, na serikali ililala ikiamini imeshinda. Mwenyekiti wa Duma, Mikhail Rodzianko, alimtumia Tsar telegramu ya kumsihi aunde serikali ambayo nchi itaiamini, naye Tsar akasema kwamba huo ni upuuzi ambao hata hataujibu.

Usiku ule, katika kambi ya Volynsky, askari wa kikosi cha mafunzo waliokuwa wametoka kufyatua risasi Znamenskaya hawakupata usingizi. Sajini wao, Timofei Kirpichnikov, alizungumza nao gizani, wakakubaliana kwamba kesho hawatatoka kuua tena. Asubuhi Kapteni Lashkevich alipofika kuwapanga, walimkatalia usoni. Alipogeuka kuondoka alipigwa risasi akiwa uani. Tangu hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma, maana adhabu ya kosa lile ilikuwa kifo, na usalama wao pekee ulikuwa katika kuwapata wenzao wengi iwezekanavyo. Walikimbilia kambi za jirani, za Preobrazhensky na Litovsky, wakawatoa askari wa huko. Hadi jioni ya tarehe 12 ghala kuu la silaha lilikuwa mikononi mwa umati, magereza yalikuwa wazi, mahakama ya wilaya ilikuwa ikiungua, na Jenerali Khabalov hakuwa tena na jeshi la kuliongoza. Si sawa kuyaita mapinduzi hayo kuwa hayakumwaga damu: Petrograd peke yake, waliouawa na kujeruhiwa walizidi 1,300.

Uasi wa mji mmoja, hata kama ni mji mkuu, ungeweza kuzimwa na jeshi lililoko mstari wa mbele. Hapa ndipo panapohitaji macho makini, mwalimu, kwa sababu vitabu vingi vya shule hupapita haraka. Tsar alimtuma Jenerali Ivanov na kikosi cha askari wachache, mamia tu, naye mwenyewe akapanda treni kurudi kwa familia yake. Lakini mbunge mmoja, Bublikov, alikuwa ameshaiteka wizara ya uchukuzi, na kwa telegrafu ya reli akapeleka habari ya mapinduzi kwenye kila stesheni ya nchi. Treni ya Tsar ikafika Malaya Vishera, ikaambiwa njia ya mbele imeshikwa na waasi, ikageuza na kuishia Pskov, kwenye makao makuu ya Jenerali Ruzsky. Huko Mogilev, mnadhimu mkuu, Jenerali Alekseyev, aliwauliza kwa telegramu makamanda wa medani zote kama Tsar aondoke. Brusilov alisema aondoke. Evert alisema aondoke. Mwanamfalme Nikolai Nikolaevich, binamu wa baba yake Tsar, aliyekuwa akiongoza medani ya Kaukasi, alisema anamsihi kwa magoti aondoke. Majibu hayo yaliposomwa mbele ya Tsar alasiri ya tarehe 15 Machi, hakubishana.

Basi waambie wanafunzi wako kwamba kiti kile kiliachwa mara mbili, na watu wawili waliotaka mambo yanayopingana. Askari wa kawaida alikiacha kwa sababu hakutaka kuua ndugu zake, na kwa sababu alikuwa amechoka na vita; majenerali walikiacha kwa sababu waliona kwamba bila Tsar yule vita vingeweza kuendelezwa vizuri zaidi. Wote walisherehekea siku moja, kila mmoja akidhani mwenzake anasherehekea jambo lile lile. Serikali ya Muda iliyoingia chini ya Mwanamfalme Lvov ilifuata hesabu ya majenerali, ikaagiza mashambulizi mapya katikati ya mwaka, askari wakaanza kutoroka kwa wingi, na kufikia Novemba nayo ilikuwa imeangushwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mbona makala yenu haikumtaja Lenin, mtu aliyemwangusha Tsar?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Ndugu yangu, Lenin hakumwangusha Tsar. Wakati ufalme unaanguka alikuwa uhamishoni Zurich, Uswisi, na Januari ile ile alikuwa amewaambia vijana waliokuja kumsikiliza kwamba wazee wa umri wake huenda wasiishi kuyaona mapambano ya mwisho ya mapinduzi yanayokuja. Trotsky alikuwa New York, Stalin alikuwa Siberia kwa adhabu. Lenin aliwasili Petrograd tarehe 16 Aprili, mwezi mmoja baada ya Tsar kuondoka, akakuta upande mmoja Serikali ya Muda, na upande wa pili, katika jumba la Tauride, Baraza la Wajumbe wa Wafanyakazi na Askari, lile linaloitwa Sovieti. Serikali aliyoiangusha yeye na wenzake mwezi Novemba ni hiyo ya Muda. Makosa haya ni ya kawaida sana, lakini yanawanyima haki yao wanawake wa Vyborg na askari wa Volynsky, ambao wengi wao hawakuwa na kadi ya chama chochote.

SWALI: Mfalme akiondoka, kwa kawaida mwanawe au ndugu yake hukalia kiti. Kwa nini Urusi haikupata Tsar mwingine?
Msomaji wa Muscat

JIBU: Ilikaribia kumpata, na kwa saa chache watu walidhani imempata. Nicholas alikubali kwanza kumwachia kiti mwanawe Alexei, aliyekuwa na miaka 12. Kisha alizungumza na daktari wake, ambaye hakumpa matumaini kwamba ugonjwa wa mtoto wa kutoka damu bila kuganda ungepona, akatambua pia kwamba angetenganishwa naye. Basi wajumbe wawili wa Duma, Guchkov na Shulgin, walipowasili Pskov usiku, wakamkuta amebadili nia: anaondoka yeye pamoja na mwanawe, na kiti anampa ndugu yake Mikhail. Alitia saini ndani ya behewa lake, kwa penseli, karibu saa sita usiku, lakini hati ikaandikwa kuwa imetiwa saini saa tisa na dakika tano alasiri, ili isionekane kwamba wajumbe wale wamemlazimisha. Katika shajara yake ya siku ile aliandika kwamba pande zote anaona uhaini, woga na udanganyifu.

Asubuhi ya tarehe 16 Machi viongozi wa Duma walikutana na Mikhail katika nyumba ya binafsi, mtaa wa Millionnaya. Milyukov alimsihi akubali, akisema bila mfalme serikali itazama. Mbunge msoshalisti Kerensky alimsihi akatae. Mikhail alitaka kujua kama usalama wake ungeweza kuhakikishwa, na Rodzianko hakuweza kumpa dhamana hiyo. Akakataa, isipokuwa kama Bunge la Katiba litakalochaguliwa na wananchi litamwomba, na hati ya kukataa ikaandikwa na wanasheria waliokaa kwenye dawati la shule la binti wa nyumba ile. Ukoo wa Romanov ulikuwa umetawala tangu mwaka 1613. Mikhail aliuawa Juni 1918, na Nicholas, mke wake na watoto wao wote watano wakauawa Yekaterinburg mwezi uliofuata, bila mahakama yoyote. Naliandika hili la watoto nikiwa na uchungu, kwa sababu hakuna hoja ya haki ya umma inayoweza kulibeba.

SWALI: Ndugu Mwandishi, marehemu babu yangu alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika vita ile. Alikuwa akitwambia kwamba wao hawakushindwa, bali siku moja waliambiwa tu kwamba vita imekwisha na Kaizari hayupo. Je, Kaizari naye aliangushwa na watu wake kama Tsar?
Mzee wa miaka 71, Songea

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na Mungu amrehemu babu. Ndiyo, aliangushwa na watu wake, na mambo yalifanana na yale ya Petrograd kuliko wengi wanavyofahamu, ingawa tofauti moja ni kubwa: jeshi la Ujerumani lilikuwa limeshashindwa Ulaya, na majenerali wenyewe walikuwa wameitaka serikali iombe kusimamisha vita. Mwishoni mwa Oktoba 1918 makamanda wa jeshi la majini walipanga kupeleka meli zao kwenye pambano la mwisho dhidi ya Waingereza. Mabaharia wa Wilhelmshaven walikataa kufa kwa ajili ya heshima ya maofisa, na wengi wao walipokamatwa, wenzao wa bandari ya Kiel wakaandamana tarehe 3 Novemba, wakapigwa risasi, na kesho yake mji ukawa mikononi mwa mabaraza ya mabaharia na wafanyakazi. Uasi ukapanda treni pamoja na mabaharia. Tarehe 7 mfalme wa Bavaria alikimbia Munich. Tarehe 9 ulifika Berlin.

Kaizari Wilhelm wa Pili alikuwa Spa, Ubelgiji, akisema atarudi Berlin akiongoza jeshi lake. Jenerali Groener alimwambia kwamba jeshi litarudi nyumbani kwa utulivu chini ya makamanda wake, lakini si chini yake yeye. Kabla hajaamua, Kansela Max von Baden alitangaza mjini Berlin kwamba Kaizari amejiuzulu. Siku iliyofuata alivuka mpaka kuingia Uholanzi, na tarehe 11 vita vikasimama.

Babu yako alikuwa mbali na hayo yote. Kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, kilikuwa kimetoka Msumbiji, kikapita tena pande zenu za Ungoni, kikaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na habari zilikifikia tarehe 13 Novemba, alipokamatwa tarishi wa pikipiki wa Kiingereza akiwa na ujumbe wa kusimamisha vita. Kwa hiyo aliyoyasema babu kuhusu kikosi chake ni kweli, mzee wangu, ila ningependa wajukuu wako wajue pia kwamba kikosi kile kiliendelea kutembea kwa sababu ya mabega ya wapagazi kama yeye na kwa chakula kilichochukuliwa kwenye maghala ya wanavijiji. Kiliweka silaha chini huko Abercorn, panapoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba, kikiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi yao. Kaizari waliyempigania alikuwa Uholanzi kwa wiki mbili tayari, na hati rasmi ya kujiuzulu aliitia saini siku tatu baadaye, tarehe 28.